King'ora Hakijalia

Tukuyu,
19 Mei 1996

Kwa dada yangu mpendwa Sekela,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, wewe na shemeji Khalidi na mtoto wenu Tausi, na kwamba joto la Morogoro halijawachosha sana. Huku mvua bado haijatuachia. Nguo tunaanika jikoni, na njia ya kwenda Masukulu imegeuka tope tupu. Mama hajambo, ila magoti yake yanamsumbua kama kila mwaka wakati huu. Mimi mwenyewe ni mzima wa mwili.

Umeshaona kwamba sijamtaja Baba. Najua macho yako yamekwisha kukimbia hadi chini ya ukurasa kutafuta jina lake, kwa hiyo naliweka hapa juu. Baba yuko hai. Ninapoandika maneno haya amelazwa hospitali, kitanda kilicho karibu na dirisha, na mchana huu amekunywa uji na kulalamika kwamba hauna chumvi. Ni mgonjwa, dada. Neno hilo naliandika kwa maana yake yenyewe, si kwa maana ile tunayoijua sisi. Nakuomba uje, na uje upesi. Barua yote hii naiandika ili uniamini kwamba ukija utamkuta.

Naiandika kwa woga. Baba mdogo Anyelwisye amenikataza kukuandikia chochote kwa sasa. Sijawahi kumkaidi tangu nizaliwe, na wewe unajua mimi si mtu wa kukaidi. Kwa hiyo niache nieleze tangu mwanzo, ili hata ukinilaumu uwe umenielewa.

Jambo lenyewe lilianzia kiwandani. Huenda umesikia kwamba kiwanda chetu cha chai kilikuwa kwenye orodha ya mashirika yatakayouzwa au kufungwa. Habari hizo zilizunguka muda mrefu kiasi kwamba watu walizizoea. Mameneja walibadilika, magari yaliharibika yakaachwa uani hadi nyasi zikaota ndani ya boneti, na bado kila siku majani yaliletwa, yakapimwa, yakanyaushwa, na Baba akawasha boila. Mimi niliajiriwa ofisini kama karani kwa sababu ya Kiingereza changu, na Kiingereza hicho, kama unavyojua, mwalimu wangu wa kwanza ulikuwa wewe.

Unakumbuka tulivyokuwa tukimenya ndizi jioni, wewe umerudi likizo kutoka sekondari, ukinifundisha ile misemo ya Kiingereza ya kueleza jinsi mambo yanavyofika mwisho? Mwalimu wenu alikuwa amewapa mingi, na wewe ulitafutia kila mmoja mfano wa hapa kwetu ili nisisahau. “Peter out” ulisema ni kama kile kijia cha kutoka Suma, kinachoingia kwenye mashamba ya chai kikiwa kipana, kikapungua, kikapungua, mpaka unajikuta umesimama katikati ya chai na hakuna njia tena. “Fizzle out” ni kuni mbichi. “Draw to a close” ni ibada ya Jumapili pale mchungaji anapofunga kitabu lakini bado anaendelea kuongea. Na “call it a day” ni king'ora cha kiwanda saa kumi jioni, watu wanatua vikapu na kusema ya leo yametosha. Baba alikuwa akitusikiliza huku akichokoa moto. Siku moja akauliza kwa mshangao wa kweli, kama Wazungu hawana neno la kusema kwamba kitu kimekwisha. Tulicheka hadi Mama akatufukuza jikoni.

Basi mwishoni mwa Aprili walikuja watu wawili kutoka Dar es Salaam, mfilisi na mtaalamu wake, huyo wa pili akiwa mgeni asiyejua Kiswahili. Wafanyakazi wote waliitwa kwenye ukumbi wa kunyaushia majani, pamoja na wakulima wanaotuletea majani kutoka Masukulu na Suma. Mtaalamu alikuwa na tangazo lake la Kiingereza. Meneja aliniita pembeni akaniambia nitafsiri mimi, eti yeye alikuwa na mafua. Hakuwa na mafua, dada. Hakutaka maneno yale yatoke kinywani mwake. Aliniambia nitumie maneno ya busara, watu wasije wakachafuka.

Nilipanda juu ya kreti nikasimama pembeni ya yule mgeni. Mbele yangu nilimwona Baba, amevaa lile koti lake la mvua la rangi ya majivu, na karibu naye kina mama wa Masukulu wamekaa juu ya vikapu. Wenzake walikuwa wakimtania kama kawaida. Walikuwa wakimwita Saa Nane, jina walilompa tangu ile siku ya zamani alipovuta kamba ya king'ora saa nane badala ya saa kumi, wachumaji wote wakaondoka shambani na majani yakabaki. Mmoja alimwuliza kwa sauti kama leo pia ametufungia kazi mapema. Baba alicheka tu, kama alivyocheka miaka yote.

Mtaalamu akaanza kusoma. Alisema shirika “will be wound up”. Alisema shughuli zitaletwa “to an orderly close”, na kwamba kazi zote “will be phased out with effect from the end of the month”. Nilielewa kila neno. Maana yake ilikuwa moja: ikifika mwisho wa mwezi kiwanda kinafungwa, kazi hakuna, majani hayatapokelewa. Sentensi hiyo ya Kiswahili ilikuwa imekamilika kichwani mwangu. Lakini nilipotazama nyuso zile niliiacha humo humo. Nikasema kwamba kiwanda chetu kinaumwa. Nikasema wataalamu wamekuja kukiangalia, kwamba mwisho wa mwezi kitapumzishwa, na kwamba tuwe wavumilivu.

Naapa sikukusudia kumdanganya mtu. Nilidhani wataelewa kama tunavyoelewa telegramu. Kwetu nani anayeandika kwamba mtu amekufa? Tunaandika kwamba ni mgonjwa, njoo, na anayeipokea anaanza kulia kabla hajaikunja. Nilifikiri nikisema kiwanda kinaumwa watajua kimekufa, na nitakuwa nimewaambia kwa heshima, jinsi watu wazima wanavyoambiana. Meneja alinipiga bega akasema nimefanya vizuri. Yule mgeni aliona watu wametulia, naye akafurahi.

Lakini watu walisikia walichosikia. Mtu anaweza kuambiwa kwamba shangazi yake anaumwa akajua msiba uko mlangoni. Akiambiwa kwamba kiwanda kinaumwa, kiwanda chenye nguzo za chuma na bomba la moshi linaloonekana toka Ibighi, anasema basi kitapona. Kina mama wa Masukulu walirudi kwao wakaambiana kwamba mgonjwa haachwi peke yake. Waliamua kuleta majani mengi zaidi, ili Serikali ione kwamba kiwanda bado kina watu. Msimu ulikuwa mzuri, majani yamechipua kwa mvua hiyo. Walichuma kila walichoweza.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi mpya nilifika ofisini kusaidia makabidhiano, nikakuta watu wamejaa nje ya geti. Geti lilikuwa na kufuli jipya. Vikapu vilikuwa vimepangwa kutoka kwenye mizani hadi barabarani, na mvua ilikuwa inanyesha. Unajua majani ya chai yakikaa yamelundikana yanavyofanya. Yalianza kupata joto. Kufikia mchana ukitia mkono ndani ya kikapu ulikuwa unautoa haraka kama umegusa sufuria, na harufu yake ilikuwa ya kitu kinachochacha. Rangi ilibadilika mbele ya macho yetu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwaga.

Mama Atuganile, yule jirani wa marehemu Bibi, ndiye aliyenifuata. Alikuwa amelowa, kitenge kimemganda mwilini. Aliniuliza kama mimi ndiye mtoto wa Ambindwile aliyesimama juu ya kreti. Nikasema ndimi. Akaniuliza, mbele ya watu wote, kama Kiingereza nilisomeshwa ili niwafichie wao. “Ungesema kimekufa tungelia, tukaenda nyumbani,” aliniambia. “Sasa tumekuja kumwuguza maiti.” Wengine wakacheka, kicheko kile kisicho na furaha. Kijana mmoja akasema mkalimani apewe kikapu kimoja akale. Nilisema samahani, na hata hiyo nilisema kwa sauti ndogo mno.

Baba naye alikuwepo. Alikuwa amekuja kwa saa yake ya siku zote, alfajiri, na mzigo wa kuni za mti wa mlingoti begani, kwa sababu alifikiri mgonjwa akipumzishwa moto wake usiachwe upoe kabisa, boila ikipoa itapata kutu. Alisimama getini na kuni zake hadi mvua ilipokatika. Hakunilaumu. Tulipokuwa tunarudi nyumbani aliniuliza jambo moja tu, kama yule mgeni alisema kimekwisha. Nikamjibu kwamba ndiyo, alisema hivyo, kwa maneno mengi. Baba akaweka kuni chini kando ya njia akaziacha hapo.

Sisemi kwamba mvua ya siku ile ndiyo iliyomwangusha. Daktari ameniambia waziwazi kwamba ugonjwa wake ni wa siku nyingi. Alikuwa ameshaanza kukonda tangu kabla ya Pasaka, na sisi tukasema ni kazi ya moto. Lakini baada ya siku ile hakuamka tena kwa saa yake. Tumbo lilivimba, macho yakawa ya njano, na chakula kikamshinda, hata mbalaga ya Mama, zile ndizi alizozipenda. Tukampeleka hospitali.

Hapo, dada, nataka nikukumbushe habari ya Bibi, na unisamehe kwa kuigusa. Ulikuwa chuoni Songea. Bibi alianguka uani Masukulu, na Baba mdogo Anyelwisye akakupelekea telegramu kwamba Bibi ni mgonjwa, uje. Wewe uliisoma kama mtu yeyote wa kwetu angeisoma. Wenzako bwenini wakakukalia matanga, wakakuimbia nyimbo za faraja. Ukafikiri kwamba mpaka upate ruhusa na gari watakuwa wameshazika, basi bora umalize mitihani uje kuweka maua kaburini. Kumbe safari ile neno lilikuwa na maana yake. Bibi alikuwa mgonjwa tu. Aliishi hadi mahindi yakakomaa, na kila gari liliposimama barabarani aliuliza kama Sekela ameshuka. Ulipokuja likizo ukakuta kaburi bado bichi. Nakumbuka ulivyokaa chini pale kwenye migomba, hukulia hata kidogo, ukasema kwamba umemwua Bibi kabla hajafa.

Sitaki ukae chini namna ile mara ya pili.

Sasa nikueleze ya hospitali. Daktari wetu ni mgeni, mtu mrefu, mpole sana, ambaye Kiswahili chake ni cha salamu. Kwa kawaida muuguzi humtafsiria, lakini siku ile muuguzi alikuwa na mama aliyekuwa anajifungua, basi daktari akaniuliza mimi kama najua Kiingereza. Mama alikuwa kwenye mkeka chini ya kitanda, Baba mdogo amekaa miguuni pa Baba akimkanda nyayo. Daktari akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniambia taratibu kwamba “we have come to the end of the road”. Akasema ugonjwa sasa utaachwa “run its course”, na kwamba kazi yao ni kumpunguzia maumivu.

Mto unaofuata njia yake hadi ziwani. Huo ndio mfano ulionipa wewe, na nilikuwa nimeufurahia.

Nilifungua mdomo. Nikajisikia nikianza kusema kwamba daktari anasema ugonjwa huu unahitaji uvumilivu. Baba akainua mkono. Sauti yake imekuwa ndogo, lakini bado ni ile ile ya kumkemea mtu anayekaribia moto. “Jairo,” akasema, “usinitafsirie kama siku ile ya kiwandani.” Kisha akauliza lile swali lake la zamani, kwamba huyu naye amesema imekwisha au amesema maneno mengi?

Baba mdogo alinitazama akitikisa kichwa, kuniambia nisithubutu. Nikamwambia Baba kwamba ini lake limeharibika, hawana dawa yake, atakufa, na haitachukua muda mrefu. Sikuongeza neno. Sijawahi kusema sentensi nzito kama hiyo maishani, na nilipoimaliza nilidhani dari itaanguka.

Baba akashukuru, “Ndaga.” Hivyo tu, kama mtu aliyepewa kiti. Akaomba tumgeuze aangalie dirishani, ambako mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu. Mama alikuwa analia kimya kimya. Baadaye Baba akasema hilo amelielewa, akamwambia daktari asante kwa Kiingereza, neno pekee la Kiingereza alilokuwa nalo, na daktari akamshika mkono akakaa naye kidogo.

Tulipotoka nje Baba mdogo alinikaripia sana. Alisema nimemzika kaka yake akiwa anapumua. Alisema mgonjwa hupewa matumaini, na kwamba kifo ukikitaja unakiita. Usimchukie, dada. Alikuwa analia wakati ananigombeza, na akarudi ndani kuendelea kumkanda miguu. Nilipomwuliza habari yako akasema nisikuandikie lolote. Likitokea la kutokea, atakwenda posta yeye mwenyewe akupelekee telegramu. Nilijua itasemaje. Akaongeza kwamba, hata hivyo, wewe uliondoka nyumbani kwa njia yako, na kaka yake hajakutaja kwa miaka.

Hilo la mwisho ndilo limenifanya nishike kalamu, kwa sababu si kweli tena.

Najua unavyofikiri. Unafikiri Baba alikufuta siku uliyosilimu ukafunga ndoa Ibighi. Alikuwa mzee wa kanisa, na hakuja kwenye karamu. Hakukulaani, ila alinyamaza, na wewe ukaona kunyamaza kwake ni kibaya kuliko laana. Ukaacha kuandika kwake, ukawa unatuandikia mimi na Mama tu. Baba naye hakuuliza. Mimi niliyekaa katikati yenu niliamini kwamba jambo hilo lilikuwa limekwisha, kama kile kijia cha Suma, bila mtu kulitamka.

Mama mkwe wako, Bi Mwanaamina, alisikia sokoni kwamba Baba amelazwa. Siku iliyofuata akaja wodini na chupa ya uji, amejitanda kanga, na nikaogopa kwamba Baba atageukia ukutani. Bi Mwanaamina hakumpa nafasi. Alivuta kiti, akamimina kikombeni, akamwambia, “Mkwe, ulikataa pilau yangu miaka saba iliyopita, sikusema kitu. Uji huu ukiukataa nitaumwaga hapa hapa, wauguzi watugombeze wote wawili.” Mama aliziba mdomo kwa kitenge. Baba alimtazama kwa muda, kisha akapokea. Bi Mwanaamina amekuja kila siku tangu hapo, na kila siku Baba analalamika kuhusu chumvi, na kila siku yeye anamjibu kwamba chumvi daktari amekataza, akamgombeze daktari. Juzi nilimkuta Baba anatazama mlangoni kwa sababu mkwe wake alikuwa amechelewa.

Ni kwake Baba alikouliza. Alimwuliza jina lako la sasa ni nani. Bi Mwanaamina akamwambia ni Ikram. Baba akalijaribu. Unajua ulimi wake wa Kinyakyusa, ukawa Ikilamu. Akarudia mara kadhaa, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Bi Mwanaamina akamwambia kwamba inatosha, hata wewe mwenyewe huenda huliitikii vizuri hivyo.

Jana mchana, Baba mdogo alipokwenda kuoga, Baba aliniita nikae karibu. Aliniambia nikuandikie. Akasema nisikubali upelekewe telegramu, kwa sababu ukiipata utafikiri ameshakwenda na utakaa huko huko kuomboleza. Anakumbuka habari ya Bibi, kumbe naye imekuwa ikimwuma. Nikamjibu kwamba hata barua huenda usiiamini, kwa kuwa barua za namna hii zote huandikwa hivyo hivyo, anaendelea vizuri, anakula, anakuulizia, na mtu akifika anakuta turubai uani. Baba akafikiri. Kisha akacheka kidogo, akasema basi atakupa neno ambalo hakuna mtu mwingine duniani anayelijua, ili ujue limetoka kinywani mwake na kwamba kinywa hicho bado kinasema.

Aliniambia nani alivuta kamba ya king'ora.

Dada, niliishi miaka yote hiyo nikiamini kwamba Baba alisinzia. Mama anaamini hivyo hadi leo. Kiwanda kizima kimemwita Saa Nane hadi watoto wadogo wanamwita hivyo bila kujua kwa nini. Yeye ameniambia kwamba ulikuwa umemletea chakula, ukiwa bado mdogo, na alikuwa ameinama kwenye mlango wa boila alipokusikia ukipanda kwenye ngazi ya chuma. Kwamba uliivuta kamba kwa mikono yote miwili na ukaning'inia. Kwamba meneja alipokuja akipiga kelele, Baba alikuficha nyuma ya rundo la kuni na kusema ni yeye. Alisimamishwa kazi mwezi mzima, tukala viazi. Alikuapisha usimwambie mtu, hata Mama, na wewe hukumwambia. Ameniambia pia ulichomjibu alipokuuliza kwa nini ulifanya vile. Ulisema ulitaka siku iishe ili aje nyumbani na wewe.

Kisha akasema niandike maneno yafuatayo kama yalivyo, nisiyapambe. Nimeyaandika mbele yake na nimemsomea:

“Sekela, ulikifunga kiwanda kabla ya saa yake, nami nikabeba. Safari hii usifanye hivyo. King'ora changu bado hakijalia. Njoo wewe na mume wako na mtoto, nimwone.”

Hayo ndiyo niliyotumwa. Yangu mimi ni machache. Siku hizi nimeogopa kila kitu. Kazi yangu inaisha makabidhiano yakikamilika, nyumba hii ya kiwanda hatujui tutakaa hadi lini, na Baba mdogo akijua nimeandika sijui nitamtazama vipi. Lakini nimegundua kwamba naliogopa zaidi lile rundo la majani lililoanza kuchacha getini, na watu wamesimama wakilitazama. Kwa hiyo nakuambia kwa Kiswahili kinachoeleweka. Baba anakufa. Hajafa. Ukipanda basi mara baada ya kusoma hapa, utamkuta, na atakuita kwa majina yote mawili.

Barua hii siitumi kwa posta. Namkabidhi Fred, mtoto wa jirani yetu, ambaye siku hizi ni kondakta wa basi linalopita Morogoro. Ameahidi kuiweka mkononi mwako mwenyewe, dukani kwa shemeji, na nimemwambia asikujibu lolote ukimwuliza habari za nyumbani, maana najua atasema hatujambo. Basi hilo hilo hugeuza kesho yake alfajiri. Fred atawashikia viti.

Bi Mwanaamina amesema chumba chenu Ibighi kimeshafagiliwa. Mama naye ametandika kile kitanda chako cha zamani, kwa hiyo mtachagua wenyewe nani wa kumkasirisha. Mama anakusalimu sana na anasema uje na sweta la mtoto, huku ni baridi. Msalimie shemeji Khalidi kwa heshima zote, umwambie kwamba Baba amemtaja kwa jina, nalo alilitamka sawasawa. Mbusu Tausi, umwambie ana babu anayejua habari za mama yake ambazo mimi nimezijua jana tu.

Nafunga hapa kwa sababu basi la Fred linapiga honi nje, na leo asubuhi Baba ameshaniuliza kama barua imeondoka.

Mdogo wako anayekungoja barabarani,

Jairo Ambindwile